Mnyonge naye aweza kumpiga simba picha

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, kingo za mto huo hujaa magari ya watalii. Madirishani mwa magari hayo hutokeza lenzi nene kama paja la mtu, na moja tu kati ya lenzi hizo yaweza kugharimu zaidi ya shilingi milioni moja. Aghalabu mwenye lenzi ni mgeni, na mwenyeji ndiye dereva. Picha huenda ng'ambo, kisha hutujia sisi katika kalenda na vitabu, kana kwamba simba wetu hawana jirani awezaye kuwatazama.

Vijana wetu hawakosi macho wala moyo. Wanachokosa ni fedha. Ndiyo maana wengi wao huvutiwa na kifaa kidogo kiitwacho telekonvata, ambacho hupachikwa kati ya kamera na lenzi ili kuzidisha urefu wa lenzi. Telekonvata ya mara 1.4 huifanya lenzi ya milimita 200 kuwa ya 280. Ya mara 2 huifanya kuwa ya 400. Nani asiyetamani kuona mbali kwa gharama ndogo?

Hivi majuzi alinijia kijana jirani yangu, ambaye hujipatia riziki kwa kupiga picha za arusi. Alikuwa na akiba yake yote mkononi. "Mzee," akaniambia, "nikitia ya mara 2 kwenye zumu yangu ya 300, nitakuwa na 600 kama wale Wazungu." Nilimsihi asubiri, kwa kuwa kosa hilo nimewahi kulitenda mimi mwenyewe.

Telekonvata haitoi kitu bure. Malipo yake ni mwanga. Ya mara 1.4 hula nusu ya mwanga unaoingia katika kamera, na ya mara 2 hubakisha robo tu. Zumu nyingi za bei nafuu, za milimita 70 hadi 300, tundu lake hufunguka mwisho f/5.6 zinapovutwa hadi 300. Ukitia telekonvata ya mara 2, tundu hilo huwa sawa na f/11. Nilikwenda hivyo katika Mbuga ya Nairobi jioni moja yenye mawingu, na bahati ikanijalia simba jike aliyeketi mbali juu ya kichuguu. Kamera yangu, iliyohitaji walau f/5.6 ili ijilenge yenyewe, ilihangaika mbele na nyuma bila kumshika. Nikalenga kwa mkono. Nilirudi nyumbani na ukungu wa rangi ya udongo, usioweza kuuzika popote.

Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pabovu. Telekonvata haiongezi uzuri wa lenzi, bali hukuza kile ambacho lenzi imekwisha kuona, kasoro zikiwemo. Mtetemeko wa mkono nao hukuzwa vivyo hivyo. Isitoshe, telekonvata nyingi zina kioo kinachochomoza mbele, na zumu nyingi za bei nafuu hazina nafasi ya kukipokea. Mwenye pupa akilazimisha, huharibu vioo vyote viwili.

Je, ndiyo kusema kifaa hiki hakifai? La hasha! Rai yangu ni kwamba mnyonge atafute kwanza zumu imara, hata iwe imetumika, mathalan ya milimita 70 hadi 200 ambayo tundu lake hubaki f/4 mwanzo hadi mwisho, kisha aongeze telekonvata ya mara 1.4 iliyoundwa kwa ajili yake. Atapata 280 kwa f/5.6, na kamera itaendelea kujilenga. Tena umbali wa karibu kabisa ambao lenzi yaweza kulenga haubadiliki, hivyo hata kinyonga tawini ataijaza picha. Ya mara 2 na waachiwe wenye zumu ya f/2.8. Kweli, kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani huweza kujilenga hata kwa f/11, lakini hakuna kamera iwezayo kuurudisha mwanga uliokwisha potea.

Yanayobaki hayauzwi dukani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Afike langoni alfajiri, kwa maana mchana joto la ardhi huifanya hewa icheze, na hapo lenzi ya milioni haina faida kuliko ya elfu. Azime injini, aiegemeze lenzi juu ya mfuko wa mchele dirishani, na ajifunze nyendo za mnyama hata ajue atapita wapi.

Sababu nyingine ni ya heshima. Nimeona watu wenye lenzi fupi wakimshawishi dereva aiache njia ili wamsogelee duma. Duma huwinda mchana, na akizingirwa na magari hukosa windo, na wanawe hulala njaa. Kifaa kinachomwezesha maskini kusimama mbali, asimbughudhi mnyama, kinastahili kusifiwa.

Kijana yule hakuinunua ya mara 2. Ameamua kuiuza zumu yake, atafute ya f/4, na salio liwe la kiingilio cha mbuga. Ninamwombea subira, kwani wanyama hawa ni urithi wake kabla hawajawa mandhari ya mgeni. Hatutamwona simba kwa macho yetu wenyewe mpaka watu wa hali ya chini wajue namna ya kumpiga picha iliyo safi kwa kidogo walicho nacho.