Pilipili kavu inarudishwa: mnunuzi wa nje anaona nini tusichokiona?

Msikilizaji mmoja alipiga simu kwenye kipindi chetu cha kilimo akiwa na uchungu. Kikundi chao kilikusanya magunia 12 ya pilipili kavu na kuyapeleka kwa mfanyabiashara anayeuza nje ya nchi. Baada ya siku chache magunia yakarudi, pamoja na karatasi ya maabara. Akauliza: "Dada mtangazaji, pilipili ni nyekundu, haina mdudu wala haijaoza. Wameona nini?"

Swali hilo linawahusu pia wanaokausha tangawizi, nyanya, vitunguu na mboga za majani. Tulijibu kwa kifupi hewani. Maelezo kamili ni haya.

Sumu isiyoonekana

Kikwazo kikubwa kwa pilipili kavu ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye zao lililokaa na unyevu. Umoja wa Ulaya unataka aflatoksini, ambayo ni aina mojawapo ya sumukuvu, isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya pilipili kavu. Ile kali zaidi, iitwayo B1, haitakiwi kuzidi 5.

Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu moja ndani ya tani 100. Ndiyo maana macho hayawezi kuiona. Kuipika hakuiondoi, na kuisaga ni kuisambaza tu.

Ukungu hupata nafasi pilipili inapoanikwa chini, ikanyeshewa au kupigwa na umande usiku, au ikafungwa kwenye gunia kabla haijakauka. Sumu pia haikai sawasawa ndani ya shehena. Gunia moja linaweza kuwa salama na la jirani yake likawa baya. Kwa hiyo sampuli moja inaweza kupita hapa, nyingine ikakwama bandarini.

Kuku, mikono na dawa

Kikwazo cha pili ni vimelea kama Salmonella, vinavyotoka kwenye kinyesi cha kuku, ndege na mifugo, maji machafu na mikono isiyonawiwa. Wengi hudhani jua linaviua. Kumbe kukausha huvifanya vitulie tu, na vinaweza kuishi miezi mingi ndani ya chakula kikavu. Wanunuzi wengi hutaka visionekane kabisa katika sampuli ya gramu 25.

Cha tatu ni mabaki ya viuatilifu. Nyanya mbichi kilo 20 zikikauka hubaki kilo moja na kidogo. Maji huondoka, lakini sehemu kubwa ya dawa inaweza kubaki. Wakaguzi hukadiria upungufu huo wa maji, ila dawa isiyoruhusiwa kwao haitasamehewa kwa sababu hiyo.

Cha nne ni udanganyifu. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani bidhaa zaidi ya 400, kwa sababu pilipili ya unga iliyotiwa rangi ya viwandani iitwayo Sudan 1 ilikuwa imeingia kwenye sosi moja, na sosi hiyo ikatumika katika vyakula vingine vingi. Pilipili ile haikutoka kwetu, lakini tangu hapo pilipili ya unga hutazamwa kwa jicho kali.

Si Ulaya peke yake

Wapo wanaosema Wazungu wanatubania tu. Tukumbuke Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio lililegezwa siku chache baadaye, lakini mwenye mzigo akatakiwa kuwa na cheti kinachoonyesha kiwango cha aflatoksini. Hata jirani anapima.

Nani alipie usalama?

Hapa ndipo penye mzizi wa tatizo. Kichanja, turubai na wavu vinagharimu fedha. Mnunuzi akija kijijini na kutoa bei ileile kwa aliyeanika kwenye kichanja na aliyeanika barabarani, nani atahangaika mwakani? Usalama usipoonekana kwenye bei, mafunzo hubaki kwenye daftari.

Gharama ya kupima nayo haipungui kwa kuwa mzigo ni mdogo. Kikundi husaidia wanachama kugawana gharama hiyo, ila kina hatari yake: mzembe mmoja akichanganya gunia lake, wote wanarudishiwa. Dawa yake ni kukagua mlangoni kabla ya kuchanganya, na kuandika kila gunia ni la nani, la shamba gani, limeanikwa lini. Bila kumbukumbu hizo, mmoja akikosea mnaadhibiwa wote.

Ya kufanya kabla ya msimu

Kubalianeni na mnunuzi kwanza, kwa maandishi: vipimo gani anataka, nani analipia, na bei ya daraja la juu ni ipi.

Heshimuni siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kopo la dawa kabla ya kuvuna. Tengeni zilizooza, anikeni juu ya kichanja, funikeni jioni. Fungeni gunia pale tu pilipili inapovunjika na mbegu kulia ukiitikisa, kisha msiweke gunia moja kwa moja sakafuni.

Kwa Tanzania, viwango na usalama wa chakula viko chini ya TBS. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na TPHPA. Wajasiriamali wadogo wanaweza kuanzia ofisi ya SIDO ya mkoa wapate barua ya kuwatambulisha TBS.

Na magunia yaliyorudi?

Tulimuuliza yule msikilizaji magunia yako wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Tuliyauza mnadani."

Mwaka 2016 watu 20 walikufa Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu kwenye mahindi, chakula cha kila siku nyumbani. Pilipili huliwa kidogo kuliko ugali, lakini hoja ni ileile. Mzigo ukikataliwa nje kwa sababu ya sumu, haugeuki kuwa salama ukifika mnadani. Watakaoula ni majirani zetu, na huko hakuna atakayeupima.