Kopo la Unga na Gunia la Maharage

Jamani, nilikuwa kimya kidogo. Nilikuwa Kigoma, na siyo Kigoma mjini kwenye migebuka na upepo wa ziwa, bali huku juu Kasulu, kata inayoitwa Rungwe Mpya. Msichanganye na Rungwe ya Mbeya, ile ya chai na ndizi. Hii ni nchi ya Waha, nchi ya muhogo, mahindi na maharage. Nimerudi Dar na jambo moja linanikera, naomba nilitue hapa.

Kabla sijasafiri, rafiki yangu mmoja anayebeba vyuma jimu alinionyesha kopo lake jipya la unga wa protini. Bei yake sitaitaja kwa sababu mke wake anasoma hapa. Anakoroga asubuhi, anakoroga jioni, anapima mkono wake kwa futi kamba. Mimi nilicheka, nikapanda basi.

Rungwe Mpya nilifikia kwa mzee mmoja mkulima. Siku ya pili nikamkuta anasaidia kupakia maharage kwenye lori. Magunia kwa magunia, maharage mazuri ya kung'aa, yanaondoka. Jioni tukakaa kula: ugali wa muhogo, kisamvu, chumvi. Mimi kwa ushamba wangu wa mjini nikauliza, "Mzee, na maharage je?" Akanitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kitoto. "Yale ni sare za shule, mwanangu. Na bati." Tukaendelea kula.

Usiku ule sikulala vizuri. Mzee huyu anaamka alfajiri na jembe begani, mkewe anapanda kilima na ndoo kichwani na mzigo wa kuni. Kama kuna watu Tanzania hii wanaotumia misuli yao kikwelikweli, ni hawa. Na chakula cha misuli ndicho hicho nilichokiona kikiondoka na lori.

Tuelewane kuhusu misuli. Mwili unaweka akiba ya mafuta kiunoni na tumboni, wengi wetu tunaijua akiba hiyo. Lakini protini haina ghala la namna hiyo. Ghala lake ni misuli yenyewe. Ukila protini pungufu siku baada ya siku, mwili unakwenda kukopa mapajani na mabegani ili moyo, ini na kinga viendelee kufanya kazi. Mkopo huo usiporudishwa, mtu anakonda miguu, anachoka mapema, na kidonda kinachelewa kupona. Kwa mzee ni mbaya zaidi, maana kuanzia miaka ya 30 na kitu misuli huanza kupungua taratibu kwa kila binadamu. Anayekula vibaya anateremka kilima hicho mbio.

Sasa angalia hesabu. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 48 hivi za protini kwa siku. Unga wa muhogo una protini kiasi cha gramu 2 tu katika kila gramu 100. Maharage makavu yana zaidi ya gramu 20. Yaani muhogo unakupa nguvu ya kulima leo, lakini haukujengi. Halafu mahindi na maharage yanafidiana: protini ambayo mahindi yanapungukiwa, maharage yanayo, na kinyume chake. Bibi zetu waliopika makande hawakusoma biokemia, lakini sufuria lao lilikuwa na akili kuliko kopo la rafiki yangu.

Wapo watakaosema nakuza mambo. Basi twende Tarime, mwaka 1985. Baada ya ukame mkali watu walibaki na muhogo mchungu karibu peke yake, na kwa njaa wakafupisha kazi ya kuuandaa. Watu wakaanza kupooza miguu, ghafla, wengi wakiwa watoto na akina mama. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina kutoka Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Sumu ya sianidi kwenye muhogo ambao haukuandaliwa vizuri huharibu neva zinazoamrisha misuli ya miguu, na aliyepooza hapati kupona kabisa. Na hapa ndipo chakula kinapoingia: mwili huiondoa sumu hiyo kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, hasa ya samaki, nyama na mayai. Mwenye dagaa sahanini ana kinga fulani. Mwenye muhogo mtupu hana. Kuloweka muhogo siku kadhaa na kuuanika vizuri, kama wazee wanavyosisitiza, siyo ushamba. Ni dawa.

Kitu kingine kilichonichoma. Hapohapo wilayani Kasulu kuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kule mgawo hupangwa kwa gramu, na jamii ya kunde imo kwenye hesabu. Mwaka 2023 WFP ilipokosa fedha na kuukata mgawo hadi nusu, dunia ilijua na ikaandika, na ilistahili kuandika. Lakini mgawo wa mkulima wa jirani unakatwa kila msimu wa mavuno, na hakuna anayeandika. Sisi waandishi tukiwemo.

Najua jibu la haraka la wasomi: wapewe elimu ya lishe. Jamani! Yule mzee anajua maharage ni chakula, ndiye anayeyalima. Tatizo lake siyo ujinga, ni hesabu. Anauza kwa bei ya mavuno kwa sababu hana fedha nyingine, halafu miezi ya njaa ananunua kwa bei ya njaa, akinunua kabisa. Bango la ukutani lenye picha ya mayai na kuku halimsaidii kitu.

Kinachoweza kumsaidia ni ghala la kijiji na chama cha ushirika kinachomkopesha kidogo kwa dhamana ya mazao yake, asilazimike kuuza yote wiki ya kwanza. Ni shule inayonunua maharage ya kijiji kilekile na kuwapikia watoto makande mchana. Na ndani ya nyumba, gunia moja liwekwe pembeni kabla lori halijafika, siyo baada. Hilo la mwisho halihitaji waziri.

Na sisi wa mjini? Sisi tuna kinyume cha tatizo. Protini tunayo, kazi hatuna. Tunakaa kwenye daladala, tunakaa ofisini, tunakula chipsi mayai, halafu tunanunua kopo. Misuli inataka vyote viwili, chakula na kazi. Rungwe Mpya wana kazi, sisi tuna chakula. Hapo kati pana lori.

Rafiki yangu nimemletea kilo tano za maharage ya Kasulu. Hajafurahi sana.

Nawasilisha.