Baiskeli Hupita, Mtoto Hubaki



Umeenea siku hizi mtindo wa kuchangisha fedha kwa jasho la miguu. Watu hupanda baiskeli, hukata kilomita nyingi, na marafiki zao huahidi fedha kwa ajili ya mgonjwa. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiandaa safari ambayo wengine huupanda Mlima Kilimanjaro na wengine huuzunguka kwa baiskeli, ili zipatikane fedha za kupambana na UKIMWI. Na mbio za benki ya CRDB, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 2020, ambazo baiskeli nazo zimo, zimewasaidia watoto wenye maradhi ya moyo wapasuliwe katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Basi vijana wetu wanauliza: Je, nasi tumfanyie hivyo mtoto mlemavu, apate matibabu ya mazoezi ya viungo?

Wako wanaojibu upesi kuwa huo ni mchezo wa Wazungu, haufai. Hao tunawakataa. Baiskeli ni chuma na mpira, haina dini, na mwenye kumtolea jasho mtoto wa mwenziwe hana la kulaumiwa. Ugomvi wetu leo ni na kundi la pili: wale wanaodhani kuwa mbio zikiisha na kazi imekwisha.

Tuutazame ugonjwa wenyewe. Mtoto wa moyo, gharama yake kubwa ni ile ya kupasuliwa, na mbio za siku moja zaweza kuilipa. Aliyezaliwa na miguu ya kifundo si hivyo. Matibabu yaliyoenea duniani, aliyoyafundisha daktari Ignacio Ponseti, ni kuunyoosha mguu kidogo kidogo na kuufunga plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa wiki tano au sita hivi. Mara nyingi hukatwa kidogo ukano wa kisigino. Kisha mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, mchana na usiku, miezi mitatu. Halafu wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka minne au mitano. Viatu vikiachwa kabla ya wakati, mguu hurudi kupinda. Ama mwenye mtindio wa ubongo, huyo hana plasta wala kisu cha kumponya. Anahitaji mikono ya kumfundisha kukaa, kushika kijiko na kumeza, siku baada ya siku, kwa miaka.

Sasa mfikirieni mama wa hapa Singe, mjini Babati, ninapoandika haya. Akiambiwa ampeleke mwanawe KCMC, Moshi, mbele yake ziko kilomita 170 hivi mpaka Arusha, na 80 nyingine mpaka Moshi, mtoto yuko mgongoni. Hospitali ya Haydom imo katika mkoa wetu huu wa Manyara tangu 1955, lakini nako hakufikiki bila nauli. Safari ya kwanza zitailipa fedha za baiskeli. Ya pili huenda pia. Je, ya kumi nani atailipa? Wapanda baiskeli wamekwisha rudi makwao, na picha ya mtoto, ambaye hakuulizwa kama anapenda kupigwa picha, imebaki kwenye fulana za watu. Ikiwa sadaka huharibiwa na masimango, kuna masimango gani makubwa kuliko kumtembeza mtoto kifuani mwa watu?

Tukumbuke heshima waliyopewa walemavu katika dini yetu. Kwa ajili ya Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuwa kipofu, iliteremshwa Surat Abasa, na Mtume (s.a.w.) akawa anamwacha Madina kuwa naibu wake anaposafiri. Na Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala tangu 705 mpaka 715, wanahistoria wameandika kuwa aliwapangia wasiojiweza posho, kila kiwete akampa mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza, ili wasilazimike kuomba. Hakuwafanyia tamasha. Aliwaandika daftarini.

Wapo watakaosema: "Sheikh, bila shangwe watu hawatoi." La hasha! Hawa ndio wale wale ambao harusi ikitangazwa huunda kamati, yenye mwenyekiti na mweka hazina, na kukutana kila Jumapili miezi mitatu kwa ajili ya usiku mmoja. Kutoa wanajua. Wasilojua ni kumpa mtoto wa jirani kamati kama ile.

Tunasema basi: endesheni baiskeli mkitaka, lakini kwanza fungueni daftari. Liandikwe msikitini au mtaani, kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, na fedha zilipe nauli, viatu vya chuma, na fundi seremala atengeneze kiti chenye mikanda. Zaka ina watu wake wanane, na mzazi fakiri yumo. Sadaka haina mpaka, hata jirani asiye Mwislamu asiachwe. Nanyi wa pwani, ambao wazee wenu waliweka wakfu wa minazi na nyumba kwa misikiti, nani kati yenu ameweka wakfu kwa mtoto asiyeweza kutembea?

Wala sadaka isiwe kisingizio cha wenye madaraka. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imetaja matibabu na utengamao. Kamati hiyo ya daftari iende ofisini ikaulize.

Na kama baiskeli ni lazima, ninunulieni moja. Mpeni kijana aliyefundishwa mazoezi ya viungo, azunguke nayo nyumba kwa nyumba, awafundishe akina mama kwa mikono yake, na wiki ijayo arudi tena. Baiskeli inayorudi ndiyo tunayoitaka.

Wabillahi tawfiq.