Jina la kibarua liandikwe kabla hajapanda jukwaa

KILA alfajiri, vijana hukusanyika kwenye malango ya majengo yanayochipuka Kilimani na Kileleshwa jijini Nairobi, wakingoja msimamizi awachague. Anayeteuliwa hupanda jukwaa la miti hadi ghorofa ya sita, mara nyingi bila mkanda wa usalama, na jioni hulipwa pesa taslimu. Jina lake halikuandikwa popote.

Akianguka, tutaambiwa hakuwa mwangalifu. Lakini binadamu huteleza. Ndiyo maana jukwaa huwekewa vizuizi pembeni. Kosa kubwa ni la aliyempandisha bila kinga.

Si kwamba Kenya haina sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlazimu mwajiri kuandaa mahali salama pa kufanyia kazi na kutoa vifaa vya kujikinga. Ile ya Fidia kwa Majeraha Kazini, ya mwaka uo huo, inamtaka awe na bima na aripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini katika muda wa siku 7. Anayelemaa kabisa anastahili fidia ya mapato ya miezi 96. Mwaka 2019, Mahakama ya Juu iliidhinisha utaratibu wa madai hayo kuanzia kwa mkurugenzi huyo, si mahakamani.

Hata hivyo, haki hiyo humfaa anayeweza kuthibitisha kwamba aliajiriwa. Mwenye jengo humwelekeza majeruhi kwa mwanakandarasi, mwanakandarasi naye humtuma kwa fundi aliyepewa kazi ya plasta, na fundi huzima simu. Madai yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12, ilhali aliyevunjika uti wa mgongo huenda akaumaliza muda mwingi wa huo kitandani.

Hapa ndipo penye kiini cha uzembe. Mkanda hununuliwa kwa pesa. Kibarua asiyejulikana akianguka hamgharimu mtu chochote.

Kwa hivyo, wakaguzi wa serikali na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi waanze kwa kuitisha daftari la waliomo kazini siku hiyo, pamoja na stakabadhi ya bima. Kibarua naye adai alipwe kwa M-Pesa, kwani ujumbe wa malipo ni ushahidi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jina daftarini halimzuii mtu kuanguka, ila humfanya mwajiri aihesabu hasara ya anguko hilo kabla hajampandisha.