Matumbo ya Sungura Tusiwatupie Mbwa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Naomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo. Jambo lenyewe ni uchunaji wa sungura wa msituni.

Sisi tunaosoma shule ya kutwa twazijua njia za vichakani. Jumamosi ikifika, vijana hukusanyika na mbwa wao na marungu, wakaenda kusaka sungura. Akipatikana huchunwa papo hapo chini ya mti. Nyama ya kununua haionekani kila wiki katika nyumba nyingi, kwa hivyo simcheki mtu anayetamani kitoweo. Hata hivyo, sheria ni sheria. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ikaongeza adhabu. Lakini leo sitaki kuwatisha na polisi. Nataka tuzungumze juu ya afya.

Ukimwuliza mwindaji kama haogopi magonjwa, atakujibu mbio mbio, "Aah, moto huua kila kitu!" Ni kweli kwamba nyama ikiiva sawasawa vimelea hufa. Lakini jamani, moto uko chini ya sufuria. Haumfikii mbwa aliyekwisha kula matumbo mabichi, wala haukifikii kidole kilichokwaruzwa na mwiba. Kwa maoni yangu, hatari kubwa hupita kabla kuni hazijawashwa.

Tuanze na mbwa. Sungura akipasuliwa tumbo, mara nyingine huonekana vijifuko vya maji, vidogo kama punje za minji, vimeshikamana karibu na ini na matumbo. Hivyo ni watoto wa tegu. Mtu akivila hapati tegu huyo, maana ni tegu wa mbwa. Sasa mbona tunampelekea mbwa mwenyewe? Vijifuko vikitupwa pamoja na matumbo, mbwa huvimeza, tegu akakua ndani yake. Mayai hutoka na kinyesi hadi kwenye nyasi, sungura akala nyasi, na mambo yakaanza upya. Yuko pia tegu wa pili wa mbwa, ambaye kwa sungura hufanya fuko kubwa zaidi chini ya ngozi au katika misuli. Mayai ya huyu yakiingia kinywani mwa mtu yaweza kumdhuru, ingawa hutokea mara chache. Na nani nyumbani hushinda na mbwa? Ni wadogo zetu! Mtoto hutoka kumkumbatia Simba, akaja kumega ugali bila kunawa.

Anayedhani natia chumvi aangalie Turkana. Huko kuna tegu mwingine ambaye mbwa humpata kwa kula ini na mapafu mabichi ya mifugo kama kondoo, mbuzi na ngamia. Mayai ya tegu huyo yakimwingia binadamu, humfanyia mafuko ya maji katika ini au mapafu, mengine makubwa hata tumbo likavimba na mtu akahitaji upasuaji. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kupambana na ugonjwa huo, na sehemu ya kazi ilikuwa kuwapa mbwa dawa ya minyoo na kuwaelimisha watu. Ugonjwa wa Turkana hautokani na sungura, lakini desturi ni ile ile ya kumpa mbwa nyama mbichi ya ndani.

Tuje kwenye mikono. Huko Marekani kuna ugonjwa uitwao tularemia, ambao uligunduliwa mwaka 1911 kwa kindi wa jimbo la California. Baadaye ilijulikana kwamba watu huupata wakichuna sungura, bakteria wakaingia kwenye michubuko ya ngozi. Ini la sungura mgonjwa huweza kuwa na madoadoa meupe. Ugonjwa huo ni wa nchi za kaskazini ya dunia, lakini funzo lake ni letu pia: mchunaji anaweza kuugua hata kabla ya kuonja nyama. Isitoshe, mwili wa mnyama ukipoa, viroboto humhama wakatafuta damu yenye joto, na damu iliyo karibu ni yako wewe uliyeshika kisu.

Wengine watasema, "Kwani babu zetu hawakula?" Walikula, naam. Lakini ni wangapi waliougua na kufa bila mtu kujua sababu? Kutojua kwao hakuwezi kuwa kinga yetu sisi tunaosoma Bayolojia.

Maoni yangu ni haya. Tuwaache sungura wa msituni, tufuge wa nyumbani. Kibanda kiinuliwe juu ya ardhi, na majani yakatwe mahali ambapo mbwa hawaendi haja, kwa sababu sungura wa kufugwa naye hupata vijifuko vile vile. Akichinjwa, awe sungura, mbuzi au kuku, matumbo yafukiwe katika shimo refu, mbwa asiyafukue. Mwenye kidonda mkononi asichune. Tunawe kwa sabuni. Mbwa wapewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Na ukimkuta mnyama amekufa, au amezubaa hata hakimbii, usimguse, ng'o! Usiseme umepata bahati. Mwite bwana afya au daktari wa mifugo.

Wenzangu, shimo la kufukia matumbo halinunuliwi dukani. Ni jembe na dakika chache tu. Mwenye macho haambiwi tazama.