Acha kunakili majibu ya fomu kwa mkono, lakini jua yanakoishia

Hebu nikuulize. Mara ya mwisho ulipojaza fomu mtandaoni, iwe ni ya kuomba kazi, kuingia kwenye mashindano ya mtaani au kujiunga na chama, jina lako na nambari yako ya simu vilienda wapi? Ukishabonyeza pale pa kutuma, nani alivipokea?

Wengi wetu hatujui. Mimi pia sikuwa najua, hadi nilipokuwa upande wa pili wa fomu.

Mwaka jana kikundi chetu cha vijana hapa Ruiru kiliamua kuchangia karo ya wanafunzi wachache wa sekondari. Tukatengeneza fomu ya Google, tukatupa linki kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Kimbo hadi Makongeni kule Thika. Ndani ya siku nne tukawa na majibu zaidi ya 300. Tulifurahi sana, mpaka mtu akauliza: nani atayaingiza kwenye orodha ya kamati?

Nikajitolea. Simu huku, laptopu ya kuazima kule. Nafungua jibu, nanakili jina, nabandika. Nanakili shule, nabandika. Usiku wa tatu, saa saba, macho yalikuwa yamechoka lakini nikamaliza. Kamati ikakaa, pesa zikagawanywa.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa Kiganjo akanipigia. "Kijana wangu, jina la msichana wangu halipo. Tulikosea wapi kujaza?"

Nilirudi kwenye majibu. Hawakuwa wamekosea popote. Jina lilikuwepo, shule ilikuwepo, hata salio la karo lilikuwepo. Mimi ndiye niliyeruka mstari.

Ndiyo maana leo nakwambia bila kuzunguka: kama bado unanakili majibu ya fomu kwa mkono, acha. Huo si uchapakazi. Ni hatari unayowabebesha watu wasiojua kwamba umechoka.

Kuunganisha fomu na hifadhidata hakuhitaji uwe umesomea kompyuta. Fikiria mtu anayetuma kifurushi kwa matatu kutoka Thika kwenda Nairobi. Kuna steji kinapopokelewa, kuna gari linalokibeba na kuna mtu wa kukichukua upande wa pili. Fomu ndiyo steji. Hifadhidata, kwa mfano Airtable, ndiyo anayepokea. Gari ni programu za kuunganisha kama Zapier au Make. Unaiambia mambo matatu tu: jibu jipya likiingia, chukua vitu hivi, viweke pale. "Jina kamili" liende safu ya jina, "Shule" iende safu ya shule. Unachagua kwa kubofya, huandiki hata mstari mmoja wa msimbo.

Utaniuliza, kwani Google Forms si hupeleka majibu yenyewe kwenye jedwali la Google Sheets? Ndiyo, na bure. Kwa orodha ya watu 20 wanaokuja kwenye sherehe, hilo linatosha, usijisumbue. Lakini jedwali ambalo watu wanane wanalifungua na kila mmoja anaweza kufuta seli ni kama duka lisilo na mlango. Hifadhidata hukuwezesha kuamua nani aone nini. Pia inaunganisha mambo: mwanafunzi huyu, shule hii, malipo haya ya muhula wa kwanza na wa pili. Mweka hazina akiuliza nani hajalipiwa, jibu linapatikana papo hapo.

Sitakudanganya kwamba ni mteremko. Tulipojaribu mara ya kwanza, nambari za simu zilipoteza sifuri ya mbele, kwa sababu jedwali lilidhani ni hesabu. 0712 ikawa 712. Dawa yake ni kuifanya safu hiyo iwe ya maandishi, au kuwaomba watu waanze na 254. Halafu kuna mtu ambaye bando lake linakokota, anabonyeza mara mbili, anaingia mara mbili. Lazima uweke hatua ya kuangalia kama nambari hiyo tayari ipo. Mwenzetu naye alibadilisha maneno ya swali moja kwenye fomu katikati ya wiki, mambo yakakwama kimyakimya, tukagundua siku ya pili. Na ile mipango ya bure ina mpaka. Ukipata majibu mengi kuliko kiwango chako cha mwezi, gari linasimama njiani. Soma kiwango hicho kabla ya kusambaza linki.

Najua kuna msomaji pale JKUAT, Zetech au Mount Kenya University anayecheka. "Hiyo si teknolojia, jifunze Python." Ndugu yangu, Python ni nzuri, isome. Lakini dada mwenye saluni pale Kamakis anayeandika miadi ya wateja kwenye kijitabu hawezi kungoja umalize digrii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 490,000 Ruiru. Hebu wazia ni makanisa mangapi, timu ngapi, vyama vingapi na biashara ngapi ndogo zinakusanya majina kila wiki na kuyanakili kwa kalamu. Hapo kuna kazi ya kijana anayejua kuunganisha vitu viwili, na anaweza kulipwa.

Na wala si jambo geni kwetu. Januari 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Wakenya walijenga Ushahidi: mwananchi anatuma taarifa kwa ujumbe mfupi au kupitia tovuti, inahifadhiwa, inaonekana kwenye ramani. Wazo ni lilelile, kupokea sauti za watu wengi bila kupoteza hata moja. Tofauti ni kwamba wao walihitaji waandishi wa programu. Wewe leo una bahati.

Sasa sehemu ambayo wauzaji wa programu hizi hawaipigii kelele. Gari hili linabeba hata ukiwa umelala, kwa hiyo likimwaga, linamwaga hata ukiwa umelala. Ukiacha linki ya jedwali wazi kwa yeyote aliye nayo, umeanika simu za watu 300 pamoja na madeni yao ya karo. Msichana wa miaka 15 hapaswi kujua kwamba grupu zima limeona salio lake.

Hapa sheria haikubembelezi. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Faini inaweza kufika Sh5 milioni. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Usiseme sisi ni kikundi kidogo. Hata kama hamlazimiki kujisajili na ofisi yake, wajibu wa kulinda majina ya watu uko palepale.

Kwa hiyo kabla hujaunganisha chochote, kaa na wenzako mjibu maswali haya. Je, tunahitaji nambari ya kitambulisho kweli, au tumeiga tu fomu ya mtu mwingine? Nani ana neno la siri, na akihama mtaa au mkikosana itakuwaje? Tutafuta lini majina haya kazi ikiisha? Usijenge mfumo wa kikundi juu ya Gmail yako binafsi. Fungua akaunti ya kikundi, wawili wawe na ufunguo. Na mwambie anayejaza, pale juu kabisa kwenye fomu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, utafanya nini na majibu yake. Usipoweza kumweleza, futa hilo swali.

Yule msichana wa Kiganjo tulimchangia kutoka mifukoni mwetu. Haikufika nusu ya alichohitaji, na sitajifanya kwamba tulilipa deni letu.

Mwaka huu tulifungua fomu tena. Ilikuwa na maswali sita badala ya 14. Kila aliyejaza alipata ujumbe mfupi wenye nambari yake ya ombi, nasi tukalipia kila ujumbe kwa pesa za kikundi. Sijawahi kuona pesa iliyotumika vizuri kuliko hiyo. Siku ya pili asubuhi simu ikalia, ni yule mama.

"Kijana wangu, nimepata nambari. Sasa najua mmeliona jina."

Basi fanya hivi Jumamosi hii. Tengeneza fomu ya maswali matatu, iunganishe na hifadhidata, waombe marafiki watano waijaze. Kisha hesabu. Wakiwa watano upande huu, hakikisha ni watano upande ule. Ukiweza hivyo kwa watano, ndipo ufikirie 300.