Safari na kamera: nchi yenye amani si lazima iwe salama kwa mpiga picha

Kila likizo kubwa inapokaribia, swali moja linarudi kati ya wale wanaopiga picha kwa kujipendea huko Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi: mwaka huu twende nchi gani? Wamenunua kamera kwa akiba ya miezi mingi, wamekwisha kupiga picha za ziwa, za volkano na za masoko ya kwao, na sasa wanataka kuona ng'ambo ya mpaka. Jibu la haraka ni kuchagua nchi isiyo na vita wala wezi wengi. Jibu hilo si baya, lakini linaacha nje nusu ya hatari.

Mwizi anaweza kuchukua kamera. Sheria ya nchi usiyoijua inaweza kuchukua kamera pamoja na mwenye kamera. Ndiyo sababu mpiga picha anayechagua pa kwenda anapaswa kujiuliza maswali matatu ambayo msafiri wa kawaida hajiulizi sana: sheria ya huko inasema nini juu ya kamera, siasa ya huko iko katika msimu gani, na nani atapokea simu ikiwa mambo yanaharibika.

Watu waliofungwa katika nchi tulivu

Mwezi wa 11 mwaka 2001, huko Kalamata nchini Ugiriki, polisi waliwakamata Waingereza 12 na Waholanzi 2 waliokuwa na mapenzi ya kutazama ndege na kuandika namba zake. Kwao ilikuwa burudani ya likizo. Kwa wakubwa wa huko ilikuwa upelelezi, kwa sababu ndege hizo zilikuwa za jeshi. Walikaa gerezani wiki kadhaa, wakahukumiwa mwezi wa 4 mwaka 2002, na ni mwezi wa 11 mwaka huo ndipo waliokata rufaa walifutiwa hatia.

Mwezi wa 2 mwaka 2015, jambo linalofanana na hilo liliwapata Waingereza wengine karibu na uwanja wa ndege wa Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Walibaki kizuizini muda wa karibu miezi miwili.

Ugiriki na Falme za Kiarabu ni nchi ambazo mamilioni ya watalii wanaingia na kutoka kila mwaka bila shida. Waliofungwa hawakuwa wahalifu, na walikuwa na pasipoti ya nchi yenye nguvu. Kosa lao lilikuwa moja: kufikiri kwamba kinachoruhusiwa kwao kinaruhusiwa kila mahali.

Falme za Kiarabu zinawahusu Wakongo kwa karibu, kwa kuwa wafanyabiashara wengi wa Butembo, Goma na Bukavu wanakwenda Dubai kununua bidhaa, na wengi wanabeba kamera ao simu nzuri. Sheria ya huko ya mwaka 2021 juu ya makosa ya mtandaoni, yenye namba 34, inaadhibu mtu anayepiga picha ya mwingine bila ruhusa na kuingilia maisha yake ya faragha. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi 6, faini kuanzia dirhamu 150,000 hadi 500,000, ao vyote viwili. Dirhamu 150,000 ni zaidi ya dola 40,000 za Marekani. Picha ya familia iliyokaa ufukweni, ambayo huku ingepita bila neno, huko inaweza kugeuka kesi.

Misri nayo inaonyesha kwamba sheria inaweza kulegea na bado ikabaki na meno. Mwezi wa 7 mwaka 2022, serikali ya Cairo iliruhusu watu kupiga picha za binafsi katika maeneo ya wazi bila kulipa wala kuomba kibali. Lakini ilikataza picha zinazoharibu sura ya nchi, na ikakataza kupiga picha za raia bila ruhusa yao ya maandishi. Nani anaamua kama picha ya jaa la takataka inaharibu sura ya nchi? Ni askari aliyesimama mbele yako.

Droni ndiyo inayokamatwa kwanza

Kwa yule anayesafiri na droni, hesabu ni kali zaidi. Morocco ilizuia uingizaji wa droni bila kibali tangu mwaka 2015, na kifaa kinaweza kubaki mikononi mwa forodha siku hiyohiyo ya kufika. Nchini Kenya, Tanzania na Rwanda, droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya mbuga za wanyama kunahitajika ruhusa nyingine. Kuomba vibali hivyo kunachukua muda, na wakati mwingine pesa inayopita bei ya tiketi ya basi.

Kwa mtu anayekwenda wiki moja kujifurahisha, uamuzi wa busara mara nyingi ni kuacha droni nyumbani. Kuificha katikati ya nguo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu kifaa kilichofichwa kinamfanya afisa aulize kwa nini kilifichwa.

Amani ina kalenda

Swali la pili ni la wakati. Tanzania kwa miaka mingi ilihesabiwa kati ya nchi tulivu za ukanda huu, na Unguja ni ndoto ya kila mpiga picha: milango iliyochongwa ya Mji Mkongwe, ulioingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, majahazi, na mwanga wa jioni juu ya maji. Lakini tarehe 29 mwezi wa 10 mwaka 2025, siku ya uchaguzi, maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, intaneti ikakatwa, na amri ya kutotembea usiku ikatangazwa. Intaneti iliporudi siku chache baadaye, watu walipokea ujumbe wa polisi kwenye simu ukiwaonya wasisambaze picha na video zinazoleta hofu.

Kwa mgeni mwenye kamera shingoni, siku kama hizo ni hatari hata kama hajapiga picha yoyote ya maandamano. Askari hana muda wa kutofautisha mtalii, mwandishi wa habari na mpelelezi.

Kenya ilipitia jambo la namna hiyo tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2024, waandamanaji walipoingia katika jengo la Bunge jijini Nairobi na watu wakauawa kwa risasi. Uganda ilikata intaneti nchi nzima wakati wa uchaguzi wa mwezi wa 1 mwaka 2021. Hii haina maana kwamba nchi hizo hazifai. Ina maana kwamba tarehe ya safari ina uzito sawa na jina la nchi. Na kwa bahati, tarehe za uchaguzi hazifichwi: kwa mujibu wa katiba, Kenya inapiga kura kila miaka 5, Jumanne ya pili ya mwezi wa 8, na Zambia Alhamisi ya pili ya mwezi huohuo. Mwenye kupanga safari mapema anaweza kukwepa wiki hizo.

Nani atapokea simu?

Swali la tatu ndilo linalomtenga Mkongo na wasafiri wengine. Watu wengi, kabla ya kusafiri, wanafungua kurasa za ushauri za Ufaransa ao za Marekani. Kurasa hizo zina faida. Ile ya Ufaransa inagawanya kila nchi kwa rangi, kutoka kijani mpaka nyekundu, na hivyo inaonyesha kwamba hatari iko katika eneo fulani, si katika nchi nzima. Mfano ni Uganda: mwezi wa 10 mwaka 2023, wapiganaji wa ADF waliwaua watalii 2 na Mganda aliyekuwa akiwaongoza katika mbuga ya Queen Elizabeth, karibu na mpaka wa Kongo, wakati Entebbe na Jinja, mbali na hapo, maisha yalikuwa yanaendelea kama kawaida.

Lakini kurasa hizo ziliandikwa kwa ajili ya Mfaransa na Mmarekani. Hazisemi lolote juu ya mtu mwenye pasipoti ya Kongo.

Rwanda inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Kwa usafi, kwa barabara na kwa uchache wa wizi, Kigali ina sifa kubwa kati ya watalii. Lakini mwezi wa 1 mwaka 2025, vita vilipofika Goma, Kinshasa iliwaita nyumbani wanadiplomasia wake wote waliokuwa Kigali. Mwingereza anayekamatwa na lenzi ndefu karibu na kituo cha jeshi ana ubalozi wa kupigia simu. Mkongo katika hali hiyo anaweza kujikuta peke yake, tena katika wakati ambapo kila upande unamtazama mwenzake kwa mashaka. Maelfu ya watu wanavuka kati ya Goma na Gisenyi kila siku kwa biashara bila shida, na kamera haiwazuii wengine kuvuka. Lakini mtu anayekwenda kwa burudani, ambaye angeweza kwenda kwingine, anapaswa kuweka jambo hilo kwenye mizani.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wanalisahau: picha za nyumbani. Kadi ya kamera iliyotumika Goma, Beni ao Bunia inaweza kuwa na picha za magari ya jeshi, za vizuizi ao za wakimbizi. Afisa wa mpakani wa nchi yoyote akiziona, maswali yatakuwa marefu. Kabla ya kuvuka, picha zote za zamani zihamishwe na kubaki nyumbani, na kadi iingie nchi ya watu ikiwa tupu. Hilo liangaliwe hata kwenye simu.

Hesabu inatoa nini?

Maswali hayo matatu yakiwekwa pamoja, hakuna nchi inayopata alama zote. Lakini kuna safari zinazoeleweka zaidi kuliko nyingine.

Kwa wakaaji wa Lubumbashi, Livingstone nchini Zambia inafikika kwa barabara, na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya ni mahali ambapo kila mtu anakuja na kamera, kwa hiyo kamera haishangazi mtu. Mwezi wa 4 maji ni mengi kiasi kwamba mvuke unafunika kila kitu na kulowesha vifaa. Mwezi wa 9 na wa 10 miamba inaonekana vizuri zaidi. Mpaka wa Kasumbalesa unaweza kufungwa ghafla, kama Zambia ilivyofanya mwezi wa 8 mwaka 2024 kwa sababu ya mzozo wa biashara, na hivyo inafaa kuacha siku mbili za ziada katika ratiba.

Kwa watu wa Kivu na Ituri, Kenya nje ya msimu wa uchaguzi ina faida zake. Mbuga ya taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, inampa mtu simba na majengo marefu katika picha moja, na Mombasa ina mji wa kale na bahari. Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na mbuga za ukanda huu mara nyingi zina bei ya raia wa Jumuiya iliyo chini ya ile ya wageni wengine. Ni vizuri kuuliza na kuonyesha pasipoti kabla ya kulipa. Hatari ya Nairobi inajulikana: wizi wa simu na kamera mitaani. Hiyo ni hatari ambayo mkaaji wa mji mkubwa wa Kongo anaijua, na dawa yake ni kutoonyesha kamera mahali penye msongamano na kutotembea nayo usiku.

Katika nchi hizo za pwani, Mkongo ana kinga ambayo Mzungu hana: Kiswahili. Kile cha Kivu kitachekwa kidogo Unguja na Mombasa, lakini kinatosha kusalimia, kuomba ruhusa kwa mama anayeuza samaki, kuuliza mzazi kabla ya kupiga picha ya mtoto, na kumweleza askari kwa utulivu. Mtu aliyeombwa kwa heshima akikataa, picha inaachwa. Ugomvi mwingi unaanza pale ambapo mpiga picha anafikiri kwamba lenzi ndefu inamwondolea kazi ya kuomba.

Yanayobaki ni ya mfukoni. Betri za akiba zinabebwa mkononi ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini. Karatasi ya duka inayoonyesha bei na namba ya kamera inasaidia wakati wa kurudi, ili forodha isidai kodi kama kwa kifaa kipya. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. Na mfuko wa plastiki ambao wengi wanafunikia kamera wakati wa mvua ubaki nyumbani: Rwanda iliukataza mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.

Kabla ya kupiga picha ya daraja, uwanja wa ndege, bwawa la umeme, kituo cha polisi, askari ao jengo la serikali, kanuni ni moja katika nchi zote zilizotajwa hapa: uliza kwanza, na kama hakuna wa kuuliza, usipige. Mkaaji wa Goma ao Bukavu hahitaji kufundishwa hilo, kwa sababu kwao ni vilevile. Kosa linakuja pale anapovuka mpaka, anaona barabara safi na watu wanaocheka, na kuamini kwamba huko kanuni hiyo haipo.

Kamera iliyopotea inaweza kununuliwa tena baada ya mwaka mmoja ao miwili ya akiba. Miezi iliyopotea gerezani hainunuliwi, na familia iliyobaki nyumbani ndiyo inayolipia mwanasheria. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya safari inafanyika mezani, kabla ya tiketi: kusoma sheria ya kamera ya nchi husika, kuangalia kalenda ya siasa yake, na kuandika kwenye karatasi namba ya ubalozi wa Kongo wa huko. Ikiwa namba hiyo haipo, ramani ifunguliwe upya na nchi nyingine itafutwe.